Pigo Linalotua: Kung Fu ya Jadi, Mapambano ya Kweli na Usalama wa Ubongo

Mwishoni mwa Aprili 2017, katika mji wa Chengdu nchini China, wanaume wawili walikutana kumaliza ubishi uliokuwa umeanzia mitandaoni. Mmoja, Wei Lei, alikuwa mwalimu wa taijiquan, sanaa ya jadi ya miondoko ya taratibu ambayo watu wengi huiita tai chi. Mwingine, Xu Xiaodong, alikuwa mkufunzi wa mapigano mseto kutoka Beijing, mtu aliyezoea kupiga na kupigwa mazoezini. Pambano lao halikufika hata nusu dakika. Wei Lei alirudi nyuma, akaanguka, na mapigo yakaendelea kumwangukia mpaka mwamuzi alipoingilia kati. Video ya tukio hilo ilienea kwa kasi, Chama cha Wushu cha China kikalilaani pambano hilo, na mjadala mkali ukaibuka: je, sanaa za jadi za mapigano za China zina manufaa yoyote katika mapambano ya kweli?

Mjadala huo si wa Wachina peka yao. Vijana wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970 walijaza kumbi za sinema kutazama filamu za Bruce Lee, na vizazi vilivyofuata vilizipokea filamu za kung fu kupitia mabanda ya video na sauti za wasimuliaji waliozitafsiri kwa Kiswahili. Wengi walianza mazoezi baada ya kuzitazama. Leo, katika miji mingi ya Afrika Mashariki, kuna vikundi vinavyofundisha mitindo ya Kichina katika viwanja vya shule, kumbi za kata na fukwe. Baadhi ya walimu wamebaki na miondoko ya jadi peke yake. Wengine wameamua kwamba sanaa isiyojaribiwa haina maana, hivyo wanawavalisha wanafunzi glavu na kuwaachia wapigane kwa nguvu zote.

Kwa upande wa tiba, kila uamuzi una matokeo yake. Mwanafunzi asiyewahi kupigwa anaweza kujiamini kupita kiasi na kujiingiza katika hatari mtaani. Mwanafunzi anayepigwa kichwani kila wiki anaweza kuulipa ustadi wake kwa ubongo wake. Kati ya hali hizo mbili ipo njia, na mhudumu wa afya ana nafasi ya kuionesha.

Kwa nini miondoko peke yake haitoshi

Mafunzo ya jadi ya China hutegemea sana taolu, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi huurudia mara mamia hadi mwili uushike. Taolu ina faida za wazi: hujenga usawa wa mwili, unyumbufu, nguvu za miguu na kumbukumbu ya mbinu. Upungufu wake ni kwamba hakuna mtu wa upande wa pili. Mwanafunzi hujifunza namna ya kupiga, lakini hajifunzi ni wakati gani wa kupiga.

Sababu iko katika namna mfumo wa fahamu unavyofanya kazi. Mtu mzima mwenye afya huhitaji takriban sekunde 0.2 kuitikia ishara moja rahisi anayoitarajia, kama vile taa kuwaka. Anapolazimika kuchagua jibu moja kati ya mengi, muda huo huongezeka. Ngumi iliyorushwa kutoka karibu huweza kufika kabla ya uchaguzi huo kukamilika. Kwa hiyo, anayesubiri kuiona ngumi ndipo aamue namna ya kuikinga amekwisha kuchelewa. Mpiganaji mzoefu haitazami ngumi. Husoma bega linavyoinuka, nyonga inavyogeuka, na umbali unavyopungua, kisha hujibu kabla pigo halijakomaa. Usomaji huo haupatikani kwa kurudia miondoko hewani. Hupatikana kwa kukabiliana na mtu halisi, mwenye nia yake na mwendo wake.

Sababu ya pili ni hofu. Mtu anapohisi kushambuliwa, tezi za adrenali humimina homoni ya adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, mdomo hukauka, mikono hutetemeka, na umakini hubanwa na kitu kimoja tu. Miondoko ya vidole na viganja yenye ufundi mwingi huvurugika, ilhali miondoko mikubwa ya viungo huendelea kufanya kazi. Mtu ambaye hajawahi kuionja hali hiyo mazoezini huweza kuganda kama mti. Aliyeizoea kidogo kidogo hupumua, huona na hutenda.

Watu wa Lamu wanaifahamu tofauti hii kwa njia yao. Katika kirumbizi, wanaume hurushiana na kukingiana fimbo kwa kufuata mdundo wa ngoma. Ni mchezo wenye ustadi, adabu na historia, lakini lengo lake si kumwangusha mtu. Sanaa inaweza kuwa na thamani kubwa bila kuwa silaha. Tatizo huja pale mtu anapodhani kwamba ameshika silaha, kumbe ameshika ngoma.

Jambo ambalo China ililitambua mapema

Si sahihi kudhani kwamba Wachina waliamka mwaka 2017. Mwezi Machi 1928, Zhang Zhijiang, aliyekuwa jenerali, alianzisha mjini Nanjing Taasisi Kuu ya Guoshu, jina lenye maana ya sanaa ya taifa. Oktoba mwaka huohuo, taasisi hiyo iliendesha mtihani wa kitaifa ambao haukuishia katika maonesho ya miondoko: washiriki walipanda jukwaani na kupigana, bila makundi ya uzito. Majeraha yalikuwa mengi kiasi kwamba mapambano ya mwisho yalisitishwa, na walioongoza wakateuliwa bila kupigana hadi mshindi mmoja apatikane. Waandalizi walipata funzo kwa njia ngumu. Ukweli wa ulingo unafunua ustadi, lakini usipowekewa mipaka unawamaliza wenye ustadi huo.

Katika mwezi huohuo wa Oktoba 1928, upande wa pili wa dunia, daktari wa patholojia wa New Jersey aitwaye Harrison Martland alichapisha makala kuhusu mabondia ambao, baada ya miaka mingi ulingoni, walitembea kwa kuyumba, waliongea kwa kukokota na kupoteza akili polepole. Makala hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa elimu ya kisasa kuhusu madhara ya mapigo ya kichwa yanayojirudia. Hakuna ushahidi kwamba Nanjing na New Jersey walisikiana. Hata hivyo, maswali yao mawili ndiyo yanayopaswa kuulizwa pamoja hadi leo: mbinu hii inafanya kazi, na inamgharimu nini anayeitumia?

Mfano mwingine mashuhuri ni wa Januari 17, 1954. Wu Gongyi, mkuu wa mtindo wa Wu wa taijiquan, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 50, alipambana huko Macau na Chan Hak-fu wa mtindo wa Korongo Mweupe, aliyekuwa katika miaka ya thelathini. Mapato yalikusudiwa kuwasaidia wahanga wa moto wa Shek Kip Mei, Hong Kong, ambao usiku wa Krismasi ya 1953 uliwaacha watu zaidi ya 50,000 bila makazi. Pambano lilisimamishwa katika raundi ya pili, na waamuzi wakatangaza kwamba hakuna aliyeshinda, aliyeshindwa wala kutoka sare. Filamu ya pambano hilo ingalipo. Anayeitazama huona walimu wawili wakubwa wakirushiana mikono bila mpangilio, pua ikivuja damu, na miondoko mizuri waliyoifundisha kwa miaka ikitoweka ndani ya sekunde chache. Hawakukosa elimu ya sanaa yao. Walikosa mazoea ya kuitumia chini ya shinikizo.

Katika Hong Kong hiyohiyo ya miaka ya 1950, baadhi ya wanafunzi wa Wing Chun, akiwemo Wong Shun Leung, walikuwa wakipambana na wafuasi wa mitindo mingine juu ya mapaa ya majengo. Mapambano hayo yaliunoa mtindo wao, lakini yalifanyika bila daktari, bila glavu na mara nyingine bila sheria. Hatimaye serikali ya China iliamua kuweka utaratibu. Mwaka 1979 yalianza majaribio rasmi ya mchezo wa sanda, unaounganisha ngumi, mateke na miereka ya Kichina, huku wachezaji wakivaa kinga. Mchezo huo uliingia katika Michezo ya Asia mwaka 1998 huko Bangkok. Leo huchezwa kwa raundi tatu za dakika mbili mbili, na sheria zinakataza kupiga kisogo, shingo na sehemu za siri.

Namna sanaa inavyorudishiwa uhai

Walimu wa jadi mara nyingi hutoa hoja moja ya kukataa mapambano mazoezini: mbinu zao ni hatari mno, huchoma macho, huvunja viungo, hivyo haziwezi kujaribiwa. Jibu bora la hoja hiyo lilitolewa Japani na Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, mwaka 1882. Kano aliziondoa katika mazoezi huru mbinu zenye kujeruhi, akabakisha zile ambazo mwanafunzi angeweza kuzitumia kwa nguvu zake zote dhidi ya mtu anayekataa kuangushwa. Matokeo yake ni kwamba mbinu chache zilizojaribiwa kila siku zikawa na nguvu kuliko mbinu nyingi za kutisha zisizowahi kumgusa mtu.

Mwalimu wa kung fu anaweza kufuata njia hiyohiyo bila kuutupa urithi wake. Katika taijiquan lipo zoezi la tuishou, yaani kusukumana mikono. Likifanywa kwa ulegevu na maelewano, hubaki mchezo wa upole. Likifanywa juu ya mkeka, kila mmoja akiruhusiwa kumwangusha mwenzake kwa nguvu na kukataa kuangushwa, hugeuka kuwa mieleka yenye manufaa, na kichwa hakipigwi hata mara moja. Shuaijiao, mieleka ya asili ya China, imekuwa ikifanya hivyo tangu zamani. Katika Wing Chun, zoezi la mikono inayonatana huanza wapiganaji wakiwa wamekwisha kugusana. Likianzishwa kutoka umbali wa hatua mbili, mwanafunzi hulazimika kujibu swali gumu zaidi la namna ya kufika pale bila kupigwa. Ngumi ya moja kwa moja ya mtindo wa xingyi inaweza kupigwa kwa nguvu kwenye ngao ya mkononi, kisha kwenye kifua chenye kinga, kabla ya kuletwa katika makabiliano huru.

Mwenda pole hajikwai. Mpango wenye busara hupitia ngazi nne. Kwanza, wanafunzi hujifunza mbinu kwa ushirikiano. Pili, hufanya zoezi lenye kazi moja tu: mmoja anashambulia kwa ngumi ya kushoto pekee, mwingine anakinga na kuhama, kisha wanabadilishana. Tatu, hukabiliana kwa uhuru, mapigo ya mwili yakiwa na uzito wa wastani na ya kichwa yakigusa tu. Nne, na kwa nadra, hufanya makabiliano mazito kwa wale waliokomaa, waliopimwa na wanaojiandaa kwa mashindano. Nchini Thailand, ambako wapiganaji wa Muay Thai hupanda ulingoni mara kwa mara, kambi nyingi hufanya makabiliano mepesi ya kiuchezaji ili kuuhifadhi mwili kwa ajili ya pambano lenyewe. Wenye uzoefu mkubwa kuliko wote hawaoni aibu kugusana taratibu.

Anayedhani kwamba ugumu hujengwa kwa kupigwa kichwani amekosea. Mifupa na misuli huimarika kwa kubebeshwa mzigo taratibu. Ubongo hauna sifa hiyo. Haukomai kwa mapigo, wala hauoti sugu.

Ubongo hauna glavu

Ubongo umeelea ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji. Kichwa kinapopigwa na kuzungushwa ghafla, ubongo hucheleweshwa, hujipinda na kunyooka, na nyuzi zake za mawasiliano huvutika. Hali hiyo ndiyo mtikisiko wa ubongo. Wengi wanaopata mtikisiko hawapotezi fahamu, na picha ya CT kwa kawaida huwa haioneshi kasoro. Kwa hiyo, kauli za ulingoni kama vile "hakuzimia, yuko sawa" hazina msingi wa kitabibu.

Dalili ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kuchukia mwanga au kelele, kuchanganyikiwa, kusahau yaliyotokea, kujibu polepole, hasira au huzuni isiyo ya kawaida, na usingizi kuvurugika. Baadhi huchelewa kujitokeza kwa saa kadhaa. Mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko aondolewe mazoezini papo hapo, na asirudi siku hiyo hata kama anasema amepona. Pigo la pili kabla ubongo haujatulia linaweza kurefusha ugonjwa, na kwa vijana limewahi kuhusishwa na uvimbe wa ghafla wa ubongo wenye kuua.

Dalili za hatari zinazohitaji hospitali bila kuchelewa ni hizi: kutapika mara kwa mara, degedege, kupoteza fahamu, usingizi mzito unaozidi, maumivu ya kichwa yanayoongezeka, udhaifu au ganzi ya mkono au mguu, kuona vitu viwili viwili, mboni za macho kutolingana, na maumivu ya shingo. Ikumbukwe kwamba mgonjwa mwenye damu inayovujia kati ya fuvu na utando wa ubongo anaweza kuzinduka, akaongea vizuri kwa muda, kisha hali ikabadilika ghafla. Asiachwe peke yake katika saa za mwanzo, wala asipewe pombe. Kwa maumivu, parasetamoli ni salama zaidi kuliko aspirini au ibuprofeni, ambazo huweza kuongeza uvujaji wa damu.

Makubaliano ya kimataifa ya wataalamu wa tiba ya michezo yaliyofikiwa Amsterdam mwaka 2022 yamebadilisha mazoea ya zamani ya kumfungia mgonjwa chumbani gizani. Siku moja hadi mbili za kwanza ni za kupunguza shughuli na matumizi ya skrini, si za kulala tu. Baada ya hapo, mgonjwa huanza kutembea na kufanya mazoezi mepesi, mradi dalili zisizidi kwa kiasi kikubwa. Kisha hupanda ngazi moja baada ya nyingine, kila ngazi ikichukua angalau saa 24: mazoezi mepesi ya moyo na mapafu, mazoezi ya mchezo bila hatari ya kugongwa, mazoezi magumu zaidi bila mguso, na ndipo makabiliano. Hakuna kurudi kwenye makabiliano kabla dalili hazijaisha na kabla mtaalamu wa afya hajaridhia.

Zaidi ya mtikisiko unaoonekana, yapo mapigo madogo yasiyoleta dalili yoyote. Tafiti za mabondia na wachezaji wa mpira wa Kimarekani zinaonesha kwamba jumla ya mapigo hayo katika miaka mingi ndiyo inayohusishwa na ugonjwa sugu wa kuharibika kwa ubongo, ambao hadi leo huthibitishwa kwa uhakika baada ya kifo tu. Hoja hii ina uzito kwa mwalimu anayepanga ratiba: hesabu ya mapigo ya kichwa ya mwaka mzima ina maana kuliko ukali wa siku moja ya mashindano.

Je, kofia ya kinga haitoshi? Kofia hupunguza michubuko, mipasuko ya ngozi na majeraha ya masikio. Haizuii ubongo kuzunguka ndani ya fuvu. Mwaka 2013, shirikisho la kimataifa la ngumi za ridhaa liliiondoa kofia kwa wanaume wa ngazi ya juu, na mabondia wa kiume wakapigana bila kofia katika Olimpiki ya Rio 2016. Uamuzi huo bado una wanaoupinga, lakini umeweka wazi jambo moja: anayevaa kofia asijidanganye kwamba amenunua ruhusa ya kupigwa zaidi. Kilinda meno, kwa upande wake, kina faida isiyo na ubishi kwa meno na midomo, na kila mwanafunzi anapaswa kuwa na chake.

Majeraha madogo yenye madhara makubwa

Kidonda kidogo juu ya kifundo cha ngumi, kilichotokana na jino la mpinzani, huonekana jambo dogo. Kumbe bakteria wa mdomoni wameingizwa ndani ya kiungo. Kidonda hicho kisishonwe. Kisafishwe kwa maji mengi, mgonjwa apewe dawa ya kuua bakteria mapema, na chanjo ya pepopunda ikaguliwe. Mhudumu anayeona kidonda cha aina hiyo amuulize mgonjwa moja kwa moja, bila kumhukumu, kama alimpiga mtu mdomoni. Wengi huficha.

Mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole kidogo huvunjika kwa ngumi iliyotua vibaya. Kiganja kivimbe, kifundo kizame, kidole kipinde upande: picha ya eksirei inahitajika. Jino lililong'oka lishikwe kwa taji lake, si mzizi, lioshwe haraka, lirudishwe mahali pake au litiwe katika maziwa, na mgonjwa afike kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Anayeona vimulimuli, madoa yanayoelea au pazia jeusi baada ya pigo la jicho ahesabiwe kuwa na tatizo la retina hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Maumivu makali ya korodani yasiyotulia yasisubiri asubuhi, kwa kuwa nafasi ya kuiokoa korodani iliyojisokota hupungua sana baada ya saa sita.

Pigo la kifua, hata lisilo kali, likitua juu ya moyo katika sehemu ndogo mno ya sekunde, huweza kuuvuruga mdundo wake na kuusimamisha. Hali hii ni nadra, na waathirika wengi ni watoto na vijana. Mchezaji anayeanguka baada ya pigo la kifua, asiyeitikia na asiyepumua kawaida, aanze kukandamizwa kifua mara moja kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika huku msaada ukiitwa. Kila ukumbi wa mapigano unapaswa kuwa na angalau watu wawili wanaojua kufanya hivyo. 

Damu nayo isipuuzwe. Virusi vya homa ya ini aina ya B huishi nje ya mwili kwa siku kadhaa, na maambukizi yamewahi kuripotiwa miongoni mwa wacheza mieleka ya sumo shuleni Japani. Mwenye kidonda kinachotoka damu asimame, kidonda kifungwe, mkeka usafishwe kwa maji ya klorini, na kila mchezaji mtu mzima ahimizwe kukamilisha dozi tatu za chanjo. Fangasi na majipu ya ngozi huenea kwa mikeka na taulo za kushirikiana; mwenye madoa yasiyojulikana apumzike mpaka atibiwe.

Nani apimwe kwanza, nani asiingie

Katika ukanda wetu lipo jambo linalohitaji uangalifu wa pekee: bandama. Malaria ya mara kwa mara, kichocho cha tumbo katika maeneo ya Ziwa Victoria na ugonjwa wa selimundu huweza kuivimbisha bandama hadi ikashuka chini ya mbavu, mahali ambapo teke la ubavuni hutua. Bandama iliyovimba hupasuka kwa urahisi na kuvujisha damu kwa wingi. Kwa hiyo, kuligusa tumbo la kijana kabla ya kumruhusu kuingia katika makabiliano si urasimu. Ni dakika mbili zinazoweza kuokoa maisha. Aliyeugua malaria kali asubiri, apimwe tena, ndipo arudi.

Wafuatao wasishiriki makabiliano ya mapigo bila ushauri wa daktari: wenye kifafa kisichodhibitiwa, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wenye magonjwa ya damu kutoganda, waliowahi kufanyiwa upasuaji wa ubongo au wa retina, wenye jicho moja linaloona, wajawazito, na wenye ugonjwa wa selimundu. Aliyewahi kupata mitikisiko kadhaa ya ubongo anahitaji mazungumzo ya kina na ya ukweli, pengine ya kumwelekeza kwenye mieleka au miondoko isiyohusisha kichwa.

Kuhusu watoto, vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa tamko la pamoja mwaka 2011 kupinga ngumi kwa watoto na vijana, kwa sababu lengo la mchezo ni kukipiga kichwa. Busara hiyohiyo inafaa katika kung fu: mtoto ajifunze miondoko, kuanguka salama, miereka na mazoezi ya kugusa mwili, lakini kichwa chake kisiwe shabaha.

Upunguzaji wa uzito wa haraka kabla ya mashindano nao una makaburi yake. Mwishoni mwa mwaka 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki ndani ya wiki chache wakijaribu kupunguza uzito kwa kujikausha maji. Katika joto na unyevu wa pwani yetu, kukimbia na nguo za plastiki ni kucheza na figo na moyo.

Wasiohitaji kupigana

Si kila anayejifunza sanaa ya Kichina anatafuta ushindi wa ulingoni. Kwa mzee anayeogopa kuanguka, kwa mgonjwa wa kiharusi anayejifunza upya kusimama, na kwa mwenye ugonjwa wa Parkinson, taolu ya polepole ina thamani yake kamili. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa wagonjwa 195 wa Parkinson waliofanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24. Kundi la tai chi lilipata uthabiti wa mwili kuliko lile la kunyoosha viungo na lile la mazoezi ya nguvu, na lilianguka mara chache kuliko kundi la kunyoosha viungo. Mazoezi hayo hayahitaji glavu wala ulingo. Yanahitaji uwanja tambarare, kiti cha kushikilia kwa anayeyumba, na mwalimu mvumilivu.

Kinachotakiwa ni mwalimu kumwambia mwanafunzi ukweli kuhusu anachomfundisha. Anayefundisha afya aseme anafundisha afya. Anayefundisha kujilinda awape wanafunzi mpinzani anayekataa kushindwa, kwa ngazi na kwa mipaka. Naye mhudumu wa afya, anapompokea kijana mwenye jicho lililovimba na glavu begani, asiishie kumwambia aache mchezo, kwa kuwa kijana huyo ataondoka na hatarudi. Amuulize maswali matano: unapigwa kichwani mara ngapi kwa wiki, mara ya mwisho ulipopata kizunguzungu ilikuwa lini, ulipumzika siku ngapi, umechanjwa homa ya ini, na nani huko mazoezini anajua kukandamiza kifua? Majibu yataonesha tiba ianzie wapi, na mara nyingi mtu wa pili wa kuzungumza naye atakuwa mwalimu wake.